Kijana alikata springi za gari la baba yake

Jumamosi moja asubuhi, fundi magari mmoja wa Mwanga, Kigoma, alitoka uani kunawa uso akaliona gari lake limekaa chini kama kuku anayeatamia. Ni Corolla ya mwaka 1998, ile ambayo wengi huiita 110. Lilikuwa limeshuka kiasi kwamba ngumi isingepita kati ya tairi na bodi. Hakuhitaji kuuliza. Springi zilikuwa zimekatwa, na aliyezikata alikuwa bado amelala.

Mkewe alikuwa na habari nzito zaidi. Jioni iliyotangulia, kijana wao wa miaka 21 alimpeleka mdogo wake wa kike kwa shangazi yao, Ujiji. Njiani gari lilipita juu ya tuta, likaruka na kuhamia upande wa pili wa barabara. Bajaji iliyokuwa inakuja ikakwepa. Hakuna aliyeumia, lakini binti aliporudi alisema hapandi tena gari la kaka.

"Baba watoto, liuze hilo gari kabla halijatuulia mtoto," mama alisema.

Fundi alichukua funguo akazitia mfukoni. Maneno makali alikuwa nayo tayari mdomoni. Kilichomzuia ni kumbukumbu ya baiskeli.

Alipokuwa na miaka 16 aliifungua baiskeli ya baba yake, mfanyakazi wa reli, akitaka kujua kwa nini mnyororo unaruka. Akashindwa kuirudisha. Alichapwa, na hilo alilisahau. Ambalo hakulisahau ni kwamba tangu siku hiyo baba yake hakumruhusu kushika spana mbele yake. Ufundi alijifunza Tabora, kwa watu baki. Mzee alifariki bila kuingia hata mara moja kwenye gereji ya mwanawe.

Kijana alipoamka akaja kuamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kwenye gari ulikuwa unatafuta nini?"

Kijana alitazama chini. Akasema ana hamu ya mbio za magari, kama zile za Iringa na Morogoro. Ameona kwenye simu kwamba gari la mbio linakuwa chini na gumu. Akaazima grenda kwa rafiki yake.

Baba hakujibu. Alileta jeki, akainua gari, akaliweka juu ya stendi, akamwita aingie chini pamoja naye.

Tairi lilipoachiwa lining'inie, springi iliyokatwa ilicheza kwenye kikalio chake. Ilikuwa fupi, haikubanwa tena na kitu. Gari liliposhushwa, shokapu nayo ikafika karibu na mwisho wake, haina nafasi ya kuingia zaidi. Hapo kijana akaelewa kilichotokea kwenye tuta. Springi fupi ni ngumu zaidi, na shokapu ilipogota, gari zima likarushwa.

"Springi inabeba gari," baba alimwambia. "Shokapu inaizuia springi isiendelee kuruka. Zote mbili zinafanya kazi ili tairi lisiachane na barabara. Tairi likiwa hewani, usukani na breki ni mapambo tu."

Kisha akamsimulia habari za Joginder Singh wa Kenya, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na matope. Mwaka 1965 Joginder na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kwenye barabara kama zile, gari lililoshushwa hadi tumbo liguse chini lisingefika mbali.

Siku hiyo waliwekeana masharti. Kijana atanunua springi za kipimo sahihi kwa pesa za kibarua chake. Hakuna kujaribu gari barabarani, na hakuna kumpakia mtu wakati wa kujaribu. Funguo zitakaa kwa mama.

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Walianza na vilivyochakaa: bushi, boljointi na tairodi. Baba alisema kurekebisha gari lenye bushi zilizokufa ni sawa na kupima shati kwa mtu anayekimbia. Zikafuata breki, halafu springi nzima na shokapu mpya, halafu matairi.

Mwelekeo wa matairi walipima kwa uzi. Waliuvuta kwenye stendi pande zote mbili za gari, sambamba na bodi, wakapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma. Tofauti ya vipimo inaonyesha tairi linatazama ndani au nje. Kila kipimo kiliandikwa kwenye daftari la shule.

Ndipo wakaenda kwenye kiwanja cha wazi, wakapanga madumu kama kona. Kila baada ya mizunguko michache waligusa matairi. Katikati pakiwa pa moto kuliko kingo, upepo umezidi. Kingo zikiwa za moto kuliko katikati, upepo ni mdogo. Walibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha vitatu hujui kipi kimesaidia.

Tatizo moja liligoma. Pua ya gari ilikuwa inakimbilia nje ya kona. Kijana akataka kukaza springi za nyuma. Baba akamwambia akanyage breki mapema, aachie, ndipo akate kona. Gari likafuata usukani. Kasoro ilikuwa mguuni mwa dereva.

"Kumbe ni mimi," kijana alisema, akacheka. Baba yake naye akacheka. Mama, aliyekuwa amekuja na chupa ya chai, alisema hajawasikia wakicheka pamoja kwa muda mrefu.

Binti ndiye aliyechelewa kuridhika. Mama yake alitangulia, akapanda mara mbili kwenda sokoni na kurudi. Kijana hakumbembeleza mdogo wake. Alimwomba radhi siku moja mezani, mbele ya wote, akamaliza.

Jumapili moja shangazi aliwaita chakula. Binti alikaa nyuma, akafunga mkanda. Walipolikaribia lile tuta alishika mlango kwa mikono miwili. Kaka yake alipunguza mwendo mapema. Gari likapanda, likashuka, likatulia.

Binti akaachia mlango, akauliza kama shangazi amepika migebuka.