Jozi Tatu za Magurudumu, kutoka Same hadi Kigali

Same hadi Mombo

Ukitoka Same asubuhi kwa barabara kuu ya Tanga, milima ya Upare inakaa kushoto kwako na bonde la Pangani linafunguka kulia. Lami ni nzuri sehemu kubwa ya njia. Lakini kila kijiji, Makanya, Hedaru, Mkomazi, Buiko, kina matuta yake, na kabla ya matuta kuna rasta, ambazo abiria wa basi huzisikia kama mngurumo tu lakini mwendesha baiskeli huzisikia hadi kwenye meno. Ndiyo maana niliitaka barabara hii. Gurudumu lenye kasoro halijifichi hapa.

Tulikuwa watatu, na baiskeli zetu ni za ukoo mmoja: za lami, si zile za mashindano zinazokulaza juu ya usukani, bali za kukaa nazo juani kutwa nzima. Usukani umeinuliwa kidogo, na fremu imeacha nafasi ya tairi la milimita 32. Tofauti ilikuwa magurudumu. Mimi nilikuwa na yale yaliyokuja na baiskeli kutoka dukani: ringi za alumini, spoki 24, upana wa ndani wa ringi milimita 17, uzito wa jozi karibu kilo mbili bila matairi. Mwenzangu wa Moshi alikuwa na ringi za kaboni zenye kimo cha milimita 50, jozi nzima gramu 1,450. Dada yetu wa msafara, ambaye ameendesha kuliko sisi wote, alikuwa na jozi iliyosukwa kwa mkono na fundi: ringi za alumini zenye upana wa ndani wa milimita 23, spoki 28 kila gurudumu, habu za Shimano 105, na tairi la 32. Uzito wake ulizidi kidogo gramu 1,700. Ekseli zetu zote ni za milimita 12, diski za breki zinafungwa kwa mtindo mmoja, na kaseti zinalingana, kwa hiyo tulibadilishana magurudumu njiani kila tulipotaka.

Kilomita za mwanzo, hewa ikiwa bado imetulia, nilikuwa juu ya kaboni, na nikaelewa kwa nini watu huzitamani. Baiskeli ikishafika kilomita 30 kwa saa, haitaki kupungua. Kwenye tambarare, ukishapita mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na hewa unayoipasua, na spoki zinazozunguka ni miongoni mwa vinavyoivuruga hewa hiyo. Ringi yenye kimo kirefu inafupisha spoki na kuipa hewa njia laini ya kupita. Faida hiyo ipo kweli, na anayeendesha peke yake kwa kasi kwenye barabara iliyonyooka ataipata.

Baada ya Hedaru upepo ukaamka, na malori nayo yakaanza kutupita. Lori likiwa ubavuni mwako linakukinga, likishapita upepo unakurudia wote kwa mara moja, na ile ringi ya milimita 50 inaupokea kama tanga. Gurudumu la nyuma halina neno. La mbele ndilo linalokusogeza, kwa sababu linageuka pamoja na usukani. Kwenye bega jembamba la barabara kuu, kusogezwa nusu mita kuelekea magari si jambo dogo. Niliandika hivi: kaboni ndefu, mwendo mzuri, mikono haipumziki.

Kuanzia Mkumbara hadi kwenye mashamba ya mkonge ya Mazinde nilipanda magurudumu ya dada. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu rasta.

Inafaa nieleze kwa nini, maana jambo hili wauzaji wengi hulipita haraka wakimbilie uzito. Tairi linafanya kazi yake kwa upepo uliomo ndani, na ringi ndiyo inayoamua tairi litakaaje. Tairi la 28 likivishwa ringi ya milimita 17, mashavu yake yanabanwa chini na kuvimba juu. Likivishwa ringi ya 23, mashavu yanasimama wima na tairi lile lile linaongezeka upana kwa milimita mbili au zaidi. Tairi pana linabeba uzito ule ule kwa upepo mdogo. Mimi nina kilo 75. Kwenye ringi zangu nyembamba nilikuwa nikijaza karibu pauni 80 kwa inchi ya mraba, nisije nikagonga ringi kwenye shimo. Kwenye jozi ya dada, na tairi la 32, pauni 55 zilitosha. Wengi hudhani tairi gumu ndilo linalokimbia. Kwenye sakafu laini kuna ukweli fulani, lakini kwenye lami yenye kokoto, viraka na rasta, tairi gumu linakurusha juu kila mara, na kila ukirushwa unapoteza nguvu ambayo ingekusogeza mbele. Tairi lenye upepo wa kiasi linameza kile kijiwe na safari inaendelea. Hata waendesha baiskeli wa kulipwa, ambao kwa miaka mingi walishikilia tairi la 23 lililojazwa hadi likawa kama mbao, sasa wanashindana kwa 28 na 30.

Mombo hadi Lushoto

Barabara inapanda mara tu unapoiacha Mombo. Ni kilomita 33 za kona, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, na unapanda karibu mita 1,000 hadi kufika Lushoto. Ukitaka kujua thamani ya gramu, hapa ndipo pa kuipimia.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu, baiskeli na mizigo midogo ni kilo 85. Ukipunguza gramu 300 kwenye magurudumu, umepunguza kama theluthi moja ya asilimia. Kwa mlima wa saa mbili, hiyo ni chini ya nusu dakika. Ni kweli kwamba uzito ulio ukingoni mwa gurudumu una gharama mara mbili unapoongeza mwendo ghafla, kwa kuwa lazima uusukume mbele na uuzungushe pia. Lakini kwenye mlima mrefu unaopandwa kwa mwendo mmoja hakuna ghafla. Gramu ya gurudumu ni sawa na gramu ya maji kwenye chupa. Mwenzangu alipanda vizuri kwa sababu ana mapafu mazuri, na alipochukua magurudumu yangu mazito baada ya Soni aliendelea kutuacha vile vile.

Kabla ya kufika mjini, magurudumu yangu yakiwa yamerudi kwangu, spoki moja ya nyuma ilikatika. Gurudumu lenye spoki 24 likipoteza moja linayumba mara moja, na tairi likaanza kukwaruza fremu. Nililisukuma hadi kwa fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa na kibanda karibu na stendi ya Lushoto. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia huku macho yake yakiwa tayari kwenye gurudumu. Aliitoa ile spoki iliyokatika, akaigeuza kwenye mwanga, akaipitisha kidoleni.

"Hii haina shingo," akasema. "Nitaishika wapi?"

Alikuwa na makopo mawili ya spoki, zote za geji 14, unene wa milimita mbili, na kila moja ina ile shingo iliyopinda inayoingia kwenye tundu la habu. Yangu ilikuwa ya kunyooka moja kwa moja, bapa, ya mtindo wa kiwanda kimoja tu. Hapakuwa na ya kufanana nayo Lushoto, na sidhani kama Tanga ingepatikana. Fundi akafanya alichoweza: akazilegeza spoki mbili za jirani, akazikaza za upande wa pili robo kwa robo, akizungusha gurudumu na kuweka kidole gumba karibu na ringi kama kipimo, mpaka tairi likaacha kugusa fremu. Kisha akaomba aone gurudumu la dada. Akalizungusha, akabonyeza spoki mbili mbili kwa vidole. Akafungua habu kwa spana mbili akakuta gololi zilizokaa kwenye girisi, kama zile anazoziweka kwenye habu za nyuma za baiskeli za Phoenix kila siku.

"Dada, hili hata likifa nitalifufua," akasema.

Tulijifunza mengine kwenye kibanda kile. Pampu yake ya mguu haikuingia kwenye valvu zetu nyembamba hadi dada alipotoa kichwa kidogo cha shaba anachokiskrubu juu ya valvu. Kinagharimu hela ndogo sana, na bila hicho pampu ya kijijini haikusaidii kitu. Halafu kuna suala la matairi. Dukani Lushoto kuna matairi ya namba 28 mengi tu, lakini ile 28 ya baiskeli za mizigo inakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 635, na baiskeli zetu zinatumia 622. Tofauti ni milimita 13, na tairi halitakaa kamwe. Usisome namba kubwa. Tafuta ile ndogo iliyochongwa ubavuni mwa tairi, kama 32-622, ndiyo isiyo na utata.

Mwenzangu naye alikuwa na lake. Ringi zake za kaboni hazina ule mdomo wa ndani unaolishika tairi, na kwa ringi za namna hiyo kikomo cha upepo ni pauni 72 na nusu, si zaidi, tena kwa tairi lililoidhinishwa. Ukivuka hapo tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi. Sheli nyingi za kwetu zina kompresa iliyowekwa kwa ajili ya malori, na mshale wa kipimo chake hauonyeshi tofauti ya pauni tano. Pale Mombo kijana wa sheli alikuja na mpira mkononi kwa moyo mwema kabisa, na mwenzangu akamkatalia, akajaza kwa pampu yake ndogo yenye kipimo, taratibu, jasho likimtoka. Alifanya sawa. Lakini mimi sitaki gurudumu linalonilazimisha kumkatalia mtu anayenisaidia njiani.

Kigali

Kigali tulifika kwa basi kupitia Rusumo, magurudumu yamefungwa kwenye maboksi, na langu la nyuma bado na spoki 23. Nilitaka kuyaona mawe ya Kimihurura. Mji huu ndio uliokuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa na kilomita 267.5 na jumla ya mita 5,475 za kupanda. Tadej Pogačar alishinda, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Kila mzunguko ulipita kwenye kipando cha Kimihurura, cha mawe yaliyopangwa.

Mawe yenyewe si makubwa, lakini viungo vyake ni vya kutosha kukuvuruga. Kwa jozi yangu, kwenye pauni 80, gurudumu la nyuma lilikuwa likiruka na kuteleza nilipokanyaga kwa nguvu, kwa hiyo nilipoteza mshiko pale pale nilipouhitaji. Kwa kaboni, tairi la 28 kwenye ringi pana na pauni 65, hali ilikuwa nzuri zaidi kuliko nilivyotarajia, na hapo nikaona kwamba kilichokuwa kikinifurahisha kwenye kaboni hakikuwa kaboni, ni upana. Kwa jozi ya dada nilipanda nimekaa kitini tangu chini hadi juu.

Wale wa mashindano walikuwa na magari nyuma yenye magurudumu ya akiba na mafundi wa timu. Gurudumu lao linatakiwa lidumu hadi gari lifike. Letu linatakiwa lidumu hadi mji unaofuata, na pengine hadi ule wa baada yake.

Nilichoagiza

Nimeagiza jozi ya kusukwa. Ringi za alumini zenye mdomo wa ndani, upana milimita 23, kimo kisichozidi 30. Spoki za shingo, geji 14, na sita za akiba za urefu sahihi, kwa kuwa za mbele na za nyuma hazilingani na hata pande mbili za gurudumu moja hutofautiana. Habu za gololi, zile nilizoziona zikifunguliwa Lushoto. Kabla ya kulipa nilipima mambo matatu kwenye baiskeli yangu: ekseli, aina ya kaseti, na nafasi kati ya tairi na fremu, ambayo niliitaka isipungue milimita nne kila upande tairi likishavimba kwenye ringi mpya. Bei ni chini sana ya kaboni. Kilichobaki kimeenda kwenye matairi mazuri ya 32, yenye mashavu laini, ambayo kwa maoni yangu yanabadilisha baiskeli kuliko ringi yoyote.

Anayekimbia tambarare na kundi kila Jumamosi, na kurudi nyumbani mchana, achukue kaboni ya kimo cha wastani, 35 au 40, na asisikilize haya yangu yote.

Jambo moja hatujakubaliana. Dada ananisisitizia spoki 32 nyuma, kwa kuwa mizigo yangu inakaa juu ya gurudumu la nyuma na lile ndilo linalovutwa na mnyororo. Mimi nilitaka 28 pande zote. Fundi wa Arusha anayenisukia jozi hii alitusikiliza wote wawili, akauliza nitakuwa nabeba kilo ngapi, nikamwambia kumi na mbili na maji. Ameandika 32.