Maji ya Mfereji Wako Huanzia Shambani

Je, msomaji, umewahi kujiuliza maji ya mfereji wako jijini Nairobi hutoka wapi? Ukipata Jumamosi moja ya nafasi, wachukue watoto mkajionee. Shika barabara ya Thika, mwendo wa kilomita 40 hivi, kisha upande kuelekea Gatanga, katika Kaunti ya Murang'a.

Kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Mikahawa na migomba hubaki nyuma, na majani chai yakaanza kufunika vilima. Mwishowe utaliona bwawa la Ndakaini limetanda chini ya milima ya Aberdare. Lilikamilika mwaka 1994, nalo laweza kuhifadhi maji mita milioni 70 za ujazo kutoka mito ya Thika, Githika na Kayuyu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapa.

Lakini usitazame bwawa tu. Geuka uitazame miteremko. Mashamba ni madogo, mengine hayafiki ekari moja, nayo hulimwa mwaka baada ya mwaka. Mvua ya masika ikipiga udongo ulioachwa wazi, mito hugeuka rangi ikawa myekundu. Hilo ni shamba la mtu linalosafiri! Mto Thika huubeba udongo huo hadi Mto Tana, katika bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, ambako hutuama na kula nafasi ya maji ya kuzalisha umeme. Mkulima hupoteza rutuba, nawe mjini ukakosa maji na stima.

Hapo ndipo kilimo hai kinapofaa. Mkulima huacha mbolea na dawa za viwandani, akaulisha udongo kwa mboji. Mabua makavu hutangulia chini, yakafuatwa na majani mabichi, samadi, jivu kidogo na udongo, tabaka juu ya tabaka. Hata tithonia, ule mmea wa maua ya manjano uotao kando ya barabara, ni chakula kizuri cha udongo. Fimbo huchomekwa katikati ya lundo. Ikichomolewa ina joto, mboji inaiva. Ikitoka kavu, lundo lataka maji. Baada ya miezi mitatu hivi iko tayari. Udongo ulioshiba mboji hunywa mvua badala ya kuiacha iteremke, na nyasi za nepia kwenye kingo za matuta huushika, kisha zikamlisha ng'ombe.

Mafunzo haya si mapya. Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya ilianzishwa mwaka 1986 kuwafunza wakulima wadogo. Mwaka 2015 ilizinduliwa Hazina ya Maji ya Tana ya Juu na Nairobi, inayowasaidia wakulima wa miteremko hii kuhifadhi udongo.

Mbona basi si wote waliokifuata? Hesabu ni ngumu. Shamba lililozoea mbolea ya gunia huenda likatoa mavuno haba misimu ya kwanza, na karo ya shule haingoji. Mboji nayo yataka mikono mingi. Kisha sukumawiki hizo zikifika sokoni huchanganywa na za wengine, bei ikawa ile ile. Nembo ya Kilimohai, iliyokuja na viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, huthibitisha mazao, lakini ada ya ukaguzi ni mzigo kwa mwenye robo ekari. Ndiyo maana wengine hujiunga katika vikundi na kukaguana wao kwa wao.

Wewe nawe una sehemu yako. Uendapo sokoni, iulizie nembo hiyo. Ukikuta mboga za kikundi kama hicho, usione uchungu kuongeza shilingi chache. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika bonde hili, anayechuma juani ni mkulima wa Gatanga, na tunaolia kivulini ni sisi wa mjini. Tumlipe jasho lake, udongo ubaki kwake, nasi tupate maji.