Majina Tunayoyajua

Nataka kuwasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo limenifundisha zaidi ya yale niliyowafundisha wanafunzi wangu mwaka mzima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga. Jioni, nikiisha kusahihisha madaftari, desturi yangu ni kuketi kibarazani na kusikiliza nyimbo katika simu yangu, na kusoma habari za waimbaji: nani ameoa, nani ameachana na nani, nani amejenga nyumba ya fahari. Sioni haya kusema kwamba nazipenda. Mtu aliyeshinda na watoto sabini darasani hutamani kupumzisha moyo.

Siku moja nalikuwa nikifundisha darasa la sita habari za ukoo. Nikawauliza kwa mzaha, "Nani aweza kunitajia majina ya watoto wa Diamond Platnumz?" Mikono ikainuka kama mtama shambani. Nikacheka, maana nami nayajua. Kisha nikauliza, "Na nani aweza kunitajia jina la babu wa babu yake?" Mikono ikashuka, ikabaki miwili tu. Basi nikajiweka tayari kuwaonya kwamba wayajua ya mbali na ya karibu hawayajui. Kabla sijafumbua kinywa, msichana mmoja akasimama kwa adabu akasema, "Samahani, Mwalimu. Yule mwenzetu aliyekuwa akiketi karibu nami, hii ni wiki ya tatu hajaja. Je, Mwalimu ajua amekwenda wapi?"

Nikafungua kitabu cha mahudhurio. Siku zote zile nalikuwa nimemwandika kuwa yupo. Kila asubuhi nalitia alama bila kuinua macho, na mara nyingi mkono wa pili ulishika simu. Onyo nililokuwa nimewaandalia watoto likanirudia mwenyewe.

Usiku ule sikusikiliza wimbo wo wote. Nilifikiri sana habari ya umaarufu, nikaona kwamba si jambo geni kwetu Wasukuma. Tangu zamani za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilishindana baada ya mavuno, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye aliyeshinda. Mtunzi hodari alisifiwa vijiji vingi. Lakini mtunzi yule alikuwa na shamba lake na ng'ombe wake, na watu walijua nyumbani kwake. Akiugua waliuliza hali yake, na mtoto wake akipotea walikwenda kumtafuta.

Nikakumbuka pia mwaka 2012, nilipokuwa kijana chuoni. Tarehe 7 Aprili, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, ilikuja habari kwamba Steven Kanumba amefariki Dar es Salaam. Alikuwa mcheza filamu mashuhuri, mzaliwa wa Shinyanga, na umri wake miaka 28 tu. Tulilia kama tuliofiwa na ndugu, nami silaumu machozi yale, maana alikuwa mtoto wa kwetu. Lakini wiki ile ile alizikwa mzee mmoja jirani ya chuo, aliyekuwa akituchotea maji kila siku, nami sikwenda mazikoni. Nalikuwa nikisikiliza redio.

Na hilo jina la Diamond, kijana wa Tandale aliyejiita almasi, lilinikumbusha Mwadui, katika mkoa wetu huu. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi, uzito wake karati 54 na nusu. Mwenye mgodi, John Williamson, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi, na baadaye ikatiwa katika pambo alilovaa akiwa Malkia. Watu wasimuliapo hadithi hiyo humtaja Williamson na humtaja Malkia. Waliochimba na kuosha mchanga hawatajwi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza nilipokwenda nyumbani kwa yule mvulana. Mama yake akanikaribisha kigoda, akainamisha kichwa. "Mwalimu," akasema, "amemfuata mjomba wake machimboni Geita. Nilidhani shule mmekwisha kujua." Sikuwa na la kujibu. Jumamosi nikapanda basi hadi Kahama, kisha jingine hadi Geita.

Huko, mbali na mgodi mkubwa wenye mitambo, wako wachimbaji wadogo na maduara yao. Mawe hutolewa shimoni katika viroba, yakapelekwa kwenye makarasha kusagwa, kisha unga wake huoshwa na dhahabu kushikwa kwa zebaki. Zebaki ile huchomwa motoni, na moshi wake ni sumu idhuruyo ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto. Nikamkuta mvulana wangu kando ya karasha, mweupe kwa vumbi tangu nywele hata nyayo, akibeba kiroba. Aliponiona alitaka kukimbia, kisha akasimama.

"Mwanangu," nikamwuliza, "umetafuta nini huku?"

"Shikamoo, Mwalimu. Natafuta fedha za kurekodi wimbo."

Zamani ningalicheka. Safari hii nikamwambia aniimbie. Akaimba kwa sauti ya chini, wimbo wa mchunga ng'ombe wa mama yake, nao ulikuwa mzuri. Alipomaliza akasema, "Mwalimu, waimbaji huitwa kwa majina yao kila mahali. Huku mimi naitwa 'dogo' tu."

Nikamwita kwa jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake, kama nilivyoambiwa na mama. Akalia, nami pia. Mjomba wake hakutuzuia.

Sasa amerudi shuleni, ingawa kikohozi cha vumbi hakijamwacha. Wanafunzi wanapopalilia shamba la shule yeye ndiye aongozaye nyimbo, kama wazee walivyolima kwa bugobogobo, jembe likifuata ngoma. Wimbo wake haujarekodiwa, lakini darasa zima wanaujua.

Nami asubuhi huita majina kwa sauti, na sitii alama mpaka nimeona uso. Msukuma mwenye ng'ombe mia humjua kila mmoja kwa rangi na pembe zake, na mmoja asiporudi jioni halali. Je, mwalimu azidiwe na mchunga ng'ombe?

Simu yangu sikuitupa. Nyimbo nazipenda bado, na habari za wakubwa hunichekesha. Lakini wao wana maelfu ya watu wa kuwauliza hali. Jirani aliyefunga mlango tangu juzi ana wewe na mimi. Basi, ndugu zangu, jioni ya leo kabla hujauliza mwimbaji fulani amefanya nini, uliza kwanza: nani leo hakuonekana?