Kamango, kwetu nyuma ya mlima



Nilipofika hapa Butembo kuanza masomo ya sekondari, mwenzangu mmoja wa bweni aliona shilingi za Uganda katika sanduku langu, akaniuliza: «Wewe ni Muganda?» Wote wakacheka. Siku ile sikupata jibu. Basi ninajibu leo.

Siye ni watu wa Kamango, makao ya usultani wa Watalinga, katika teritwari ya Beni. Lakini kwetu mpaka njo karibu kuliko mji wa Beni. Soko letu kubwa ni Nobili, na ngambo ya mto Lamia ni Uganda. Watu wa Bwamba wanasema luga kama yetu, tunasikilizana nao kabisa. Kakao na kahawa zinavuka, sabuni na nguo zinarudi, na shilingi inapokelewa sokoni kama franga. Mtoto wa kwetu anajua kubadilisha pesa mbele ya kujua kuandika jina lake.

Barabara ya kwetu inatoka Mbau, inapita katika pori la Virunga na kuvuka Semuliki. Ni barabara ya hofu. Pale Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017, waliuawa askari wa amani wa Tanzania 15. Kwa hiyo likizo ikifika mimi ninashuka Kasindi, ninaingia Uganda, ninapita Kasese, Fort Portal na Bundibugyo, kisha ninaingia Kongo tena kwa Nobili. Nimezunguka Ruwenzori, mlima wa metre 5.109, kusudi nitoke Kongo nifike Kongo! Nauli yake, afazali nisiitaje.

Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF waliingia Kamango. Nilikuwa na miaka 6. Tulikimbia na sufuria moja na blanketi. Siku zile watu zaidi ya 60.000 walivuka kwenda Bundibugyo. Kumbe ule mpaka tuliozoea kuvuka kwa ajili ya chumvi, njo ulituokoa.

Siye tulirudi, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule tukakimbia tena. Lakini kaka yangu, katika makelele ya Julai, alikuwa amefuata mama mkubwa, na wao wakapelekwa mbali, kambi ya Kyangwali. Tarehe 22 Machi 2014 mashua ya wakimbizi waliokuwa wakirudi kutoka kule ilizama katika ziwa Albert. Watu zaidi ya 250 walikufa. Siku tatu mama hakula. Siku ya nne habari ikafika: mama mkubwa alikosa pesa ya kupanda.

Tangu siku ile hataki kusikia neno la kurudi. Kaka alisomea kule, kwa Kiingereza.

Likizo iliyopita tulikutana Nobili. Amekuwa mrefu, sauti yake ni ya baba. Tulisalimiana kwa Kitalinga vizuri sana. Kisha tukanunua samaki kwa ajili ya mama, na ikafika saa ya kulipa: yeye akahesabu kwa Kiingereza, mimi kwa Kifaransa, hesabu zikakataa kupatana. Mama wa samaki akatuangalia, akauliza: «Ninyi ni ndugu kweli?»

Kaka alisema ndiyo mbele yangu.