Mwalimu wa hesabu aliyekuja kliniki na kanga mgongoni (Sehemu ya 9)

Najua niliahidi tuendelee na uji wa mtoto wa miezi sita. Utakuja Jumatano. Leo naomba mnivumilie niandike kuhusu mtu. Arobaini yake ilikuwa wiki iliyopita, na mke wake, ambaye kwa tulivyozoeana ni dada yangu kabisa, kaniambia, "Sista, andika. Ila jina usitaje, watoto wanasoma." Basi nitamwita Mwalimu. Huku kwetu Kigamboni waliomjua watamjua tu.

Alifundisha hesabu shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini. Saa kumi jioni akishavua viatu vya darasani alikuwa kocha, hasa wa netiboli ya wasichana, na kila msimu wa UMITASHUMTA ulipokaribia mlikuwa mnasikia filimbi yake mpaka giza linaingia. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Mipira alinunua mwenyewe, na hapo msidhani nyumbani palikuwa na amani kila siku. Mke wake amenisimulia, huku anacheka na machozi yanamtoka, kuna mwezi gesi iliisha halafu Mwalimu akaingia ndani na mpira mpya chini ya kwapa. Walinuniana siku tatu, wakapikia mkaa.

Sasa, misibani kila mwanaume husifiwa kwamba alikuwa baba bora. Nimekaa kwenye mikeka ya misiba mingi, na wakati mwingine naangalia chini, maana kadi za kliniki za watoto wa marehemu nilizijaza mimi kwa mkono wangu na huyo baba sikuwahi kumuona hata kwa bahati mbaya. Mwalimu nilimuona.

Mara ya kwanza ilikuwa mke wake amejifungua mtoto wa tatu kwa upasuaji. Wiki ya sita mtoto anatakiwa chanjo, na mshono wa mama bado unamsumbua, hawezi kukaa kwenye bajaji. Akaja baba. Mtoto kambeba mgongoni kwa kanga ya mke wake, kafunga fundo kifuani, mkononi kadi na kikapu cha nepi. Benchi zima la akina mama likaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Baba, huyo mama si kakuroga?" Mwalimu akajibu taratibu, "Kaniroga zamani sana, kabla hata ya huyu." Akaambiwa apite mbele kwa kuwa ni mwanaume. Akakataa, akakaa kwenye foleni.

Tulipompima mtoto akaichukua ile kadi na kuangalia mchoro wa uzito. Mwalimu wa hesabu akiona grafu, ni kama mimi nikiona mshipa mzuri wa damu. Akauliza, "Sista, hawa mama wanaisoma hii?" Nikamwambia tunawaeleza. Akageuka pale pale kwenye benchi, mtoto anamlia kifuani, akaanza kufundisha. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala kama meza, kuna kitu, hashibi au anaumwa. Mstari ukishuka, usisubiri mwezi ujao. Halafu akasema kitu ambacho nimekitumia kliniki mpaka leo: usilinganishe mtoto wako na bonge wa jirani, mlinganishe na nukta yake mwenyewe ya mwezi uliopita. Mama mmoja akatoa kadi yake palepale, akaona nukta tatu zimelala. Alikuwa hajawahi kuuliza, maana hatukuwahi kumwambia mtoto amekonda. Mtoto kweli hakuwa amekonda. Alikuwa tu haongezeki, na hilo ndilo tunalolitafuta kabla hajakonda.

Halafu ikaja 2018. Mnakumbuka chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza nchi nzima, mwezi wa nne, kwa mabinti wa miaka 14. Na mnakumbuka maneno. Eti inafunga kizazi, eti wazungu wanatupunguza. Nilikwenda pale shuleni kwenye kikao cha wazazi na karatasi zangu. Nikaeleza kirusi cha HPV, nikaeleza kwamba hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini, kwamba kinga inatakiwa iingie mapema kabla binti hajakutana na kirusi. Nikaona nyuso zimekunjwa. Sisi watu wa Kigamboni Ocean Road tunaijua, ukishuka kwenye pantoni upande wa Magogoni haiko mbali, na kila siku tunapanda na mama zetu wanaokwenda huko na bahasha zao. Lakini kuijua hospitali ni kitu kimoja, kumtoa binti yako achomwe sindano ni kingine.

Bibi mmoja akasimama akaniuliza, "Sista, wewe unaye binti?" Nikasema nina wavulana. Ukumbi ukaguna, nikawa sina tena la kusema.

Mwalimu akanyanyuka kutoka nyuma. Hakutoa hotuba. Alisema, "Mimi ninaye. Yuko darasa la saba hapahapa, ana miaka 14. Kesho ndiye wa kwanza kwenye mstari, mje mwangalie." Akakaa.

Kesho yake kweli yule binti alikuwa wa kwanza, na wazazi kama kumi na tano walikuja kusimama chini ya mwembe kushuhudia. Binti alilia, jamani, miaka 14 ni mtoto tu. Baba kamshika mkono. Baada ya sindano wanatakiwa wakae dakika 15 tuwaangalie, na Mwalimu akakaa nao chini na kuwapanga timu ya Jumamosi kwa vijiti kwenye mchanga, wakasahau. Wale wazazi waliokuja kuangalia, wengi wao waliwaleta wa kwao. Siku hizo ilikuwa dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu, na ni kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, kwa hiyo wewe mwenye wa darasa la nne usisubiri.

Nikimfikiria sana Mwalimu, naona kitu chake kilikuwa hicho: hakufanya mambo ya familia kwa kificho. Baba zetu wengi wanapenda watoto wao, lakini kwa siri, kama vile ni aibu. Na wakiumwa ndiyo kabisa, nyumba nzima inaambiwa "nimechoka tu".

Yeye mwenyewe mwanzoni alikuwa hivyo, nisimpambe. Alishaambiwa ana presha miaka mingi nyuma. Alipewa dawa akawa anameza siku kichwa kikimuuma, kisha anaacha. Na magoti. Alicheza mpira chuo cha ualimu, magoti yakaharibika, kila jioni baada ya mazoezi anapita duka la dawa kununua diklofenaki mbili. Haulizwi chochote, anauziwa kama pipi. Miaka mingapi? Mke wake anakisia minane. Presha isiyotulizwa inaharibu figo, na dawa hizo za maumivu zikimezwa mfululizo zinaharibu figo, na vikikutana kwa mtu mmoja ni hatari tupu. Figo haziumi zinapokufa. Yeye alianza kuvimba uso asubuhi, mkojo una povu kama la sabuni, chakula hakina ladha, mwili unawasha. Alipokuja kupima presha ilikuwa 190 kwa 110, na majibu ya damu yalipotoka figo zilikuwa zimeshakwenda.

Akaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Siku hizo aliamka saa kumi usiku awahi pantoni. Angeweza kuzunguka kwa daraja, lakini alisema foleni ya malori ya Kurasini itamuua kabla ya figo, bora akae juu ya maji apigwe upepo.

Na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Aliporudi shuleni aliwaita wasichana wake wa netiboli, akakunja shati, akawaonyesha mkono wa kushoto, mishipa ilipounganishwa kwa ajili ya mashine. Akawaambia weka kidole, sikia inavyotetemeka. Huu mkono hauvutwi, haupimwi presha, haubebi ndoo. Akawaambia na sababu: "Nilikunywa dawa ya presha kama panadoli, kichwa kikiuma tu. Na zile za magoti nilijinunulia mwenyewe. Mkamwambie bibi yako, kamwambie baba yako." Watoto wa miaka kumi na mbili wakaenda nyumbani wakasema. Wiki ile nilipima presha za wazee wengi kuliko kawaida, na nikiwauliza nani kakutuma, wananiambia mjukuu.

Nyumbani nako vilevile. Mgonjwa wa mashine hupangiwa kiasi cha maji kwa siku, kila mmoja na kipimo chake, na humo kuna chai, uji, mpaka mchuzi. Kwa joto letu la Januari hiyo ni adhabu. Aliwakabidhi watoto kazi hiyo. Binti mkubwa akachora mistari kwenye chupa kwa kalamu, yule wa mwisho, wa kanga, akawa mwandishi wa daftari: chai nusu kikombe, maji ya dawa funda mbili. Madafu aliachishwa kabisa kwa sababu yana potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa inaweza kusimamisha moyo. Mtu wa Kigamboni kunyimwa dafu, hebu fikirieni. Kuna siku alinaswa nyuma ya nyumba na dafu, mtoto akamwandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Alitia sahihi.

Mazoezini alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki, filimbi kampa nahodha. Siku za mashine alifika amechoka hawezi kuongea, anaonyesha kwa kidole tu. Aliishi hivyo miaka mitatu na ushee. Siku ya mwisho nisiiandike, ni ya kwao.

Wiki iliyopita mke wake alikuja kituoni kupima presha, kaletwa na yule mtoto wa mwisho. Sasa ana miaka kumi. Ana daftari lilelile, kageuza upande wa pili. Nikasoma: 138 kwa 88. Akaandika namba zote mbili, akaniuliza mpaka ni ngapi. Nikamwambia 140 kwa 90.

Akapiga hesabu kidogo. "Mama, umebakiza mbili juu na mbili chini."

Nimewapa tarehe ya kurudi. Uji, Jumatano.