Kadi Mbili kwa Kioo Kimoja

Mwaka 1998, mcheza gemu aliyetaka sifa alihitaji kadi tatu ndani ya kompyuta yake. Moja ilikuwa ya kawaida, ya maandishi na madirisha. Mbili zilikuwa Voodoo2 za kampuni ya Marekani ya 3dfx, zimeunganishwa kwa mkanda mfupi wa nyaya. Nyuma ya kasha kulikuwa na waya mwingine, ukiitoa picha kwenye kadi ya kawaida na kuipitisha kwenye Voodoo2 kabla haijafika kwenye kioo. Gemu likianza, Voodoo2 moja ilichora mistari ya witiri na ya pili ikachora ya shufwa, mistari ikasukwa pamoja, picha ikatimia. Kadi moja peke yake iliishia pikseli 800 kwa 600. Mbili zilifika 1024 kwa 768.

Jamaa mmoja wa Unguja aliyaona hayo Bur Dubai, mtaa wa Khalid bin Al Waleed wenye maduka ya kompyuta, alikofika kijana kumsaidia ami yake kazi. Wateja wa Voodoo2 mbili hawakuwa wengi. Lakini kila alipokuja mmoja, kijana ndiye aliyetaka kuifunga ile mashine, na ndiye aliyekawia kuikabidhi, kwa kisingizio cha kuijaribu kwanza.

Hapo ndipo ilipomwingia hesabu ambayo ingemgharimu fedha kwa miaka mingi: kadi moja ikileta kiasi fulani, mbili zitaleta maradufu.

3dfx yenyewe haikudumu. Desemba 2000 mali zake ziliangukia mikononi mwa mshindani wake Nvidia, na kwa miaka michache mambo ya kufunga kadi mbili yakalala. Mwaka 2004 Nvidia ikayaamsha, kwa jina lile lile la SLI lililotumiwa na 3dfx, sasa kwa kadi za GeForce 6800 kwenye ubao mama wenye nafasi za PCI Express. ATI ya Kanada ikajibu mwaka uliofuata kwa CrossFire. Na vioo navyo havikuwa vimekaa kimya. Mwaka ule wa 2004 Apple ilitoa kioo cha inchi 30 chenye pikseli 2560 kwa 1600, bei dola 3,299, na pikseli zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba waya wa kawaida wa DVI haukuweza kuzibeba. Ulihitajika wa njia mbili, na kadi inayoukubali.

Hesabu ya kioo kile ndiyo mzizi wa kisa chote. Vioo bapa vilivyokuwa mezani kwa watu wengi vilikuwa vya 1280 kwa 1024, yaani pikseli milioni 1.3. Hicho cha inchi 30 kilipita milioni 4. Kadi ililazimika kuipaka rangi kila pikseli, kupima mwanga wake na kivuli chake, kisha kurudia kazi yote mara 60 katika sekunde moja. Lilipotoka gemu la Crysis mwishoni mwa 2007, lenye msitu wa majani yanayotikisika moja moja, hata kadi bora kabisa ya wakati huo ililemewa kwenye kioo kama hicho.

Jamaa alikipata cha kwake kwa mtumba, kutoka ofisi ya wachoraji ramani iliyokuwa ikifungwa. Kilikuwa kizito, kinatoa joto usoni, na mezani hapakubaki nafasi ya kikombe cha chai. Akanunua kadi mbili zinazofanana.

Kuzifunga kulikuwa na adabu zake. Kwanza unachungulia kama pawa saplai inazitosha, kwa wati na kwa idadi ya vichwa vya nyaya. Kadi ya chini hutangulia, kisha ya juu, kila moja inasukumwa hadi kile kibano cha plastiki kilie. Kiunganishi kidogo kinavishwa juu ya zote mbili, kwa vidole viwili, bila kulazimisha. Halafu mtu anagundua kasoro ya mpangilio mzima: feni ya kadi ya juu inatazama mgongo wa kadi ya chini, na nafasi kati yao ni upana wa kidole. Hewa inayovutwa na ya juu ni ile iliyokwisha kupashwa moto na mwenzake. Ndiyo maana ya juu hupiga kelele zaidi na huchoka mapema. Chumba chake kilikuwa na kiyoyozi, na bado wakati wa kiangazi cha Dubai alicheza na kasha likiwa wazi ubavuni.

Fremu ziliongezeka kweli. Namba pembeni ya kioo ilionyesha 60, wakati mwingine zaidi. Ila jicho lilikataa. Ukigeuka haraka ndani ya gemu, picha ilikwenda kwa kigugumizi, kama vile namba inasema jambo moja na kioo kinasema jingine. Alibadilisha nyaya, akasafisha vumbi, akapakia upya mfumo wote. Rafiki zake walimwambia ni macho yake.

Hayakuwa macho. Mtindo wa mistari ya witiri na shufwa ulikuwa umeachwa zamani, na sasa kadi zilipokezana fremu nzima: hii inachora ya kwanza, ile ya pili, hii ya tatu. Kadi mbili zisipopishana sawasawa, fremu moja inaweza kufika baada ya milisekunde 8 na inayofuata baada ya 25. Ukigawanya, wastani ni fremu 60 kwa sekunde, namba nzuri ya kuweka kwenye tangazo. Mchezaji lakini haoni wastani. Anaona ile 25. Septemba 2011 mwandishi Scott Wasson wa jarida la mtandaoni The Tech Report alianza kupima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu fremu za sekunde nzima, na aibu ikafichuka. Mwaka 2013 wapimaji walikwenda mbele zaidi: walitia utepe wa rangi ukingoni mwa kila fremu, wakarekodi kinachotoka kwenye waya wa kioo, wakakuta baadhi ya fremu zilizohesabiwa ni vipande vyembamba vya mistari michache tu ambavyo hakuna jicho lingeviona. AMD, iliyokuwa imeinunua ATI, ililazimika kutoa draiva mpya Agosti mwaka huo kuzipanga fremu zake zifike kwa mpishano ulio sawa.

Mtu angedhani hapo jamaa angeacha. Wapi! Mwaka 2013 ndio vioo vya 4K vilipoanza kufika mezani, pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Asus PQ321Q, kati ya vya mwanzo, kiliuzwa dola 3,499, na ili kifikishe mizunguko 60 kwa sekunde kilijitambulisha kwa kompyuta kama vioo viwili vilivyosimama bega kwa bega. Alisubiri bei zishuke, kisha akanunua cha inchi 28 na jozi nyingine ya kadi, kila moja ya gigabaiti 6. Kwenye maboksi mtu anasoma 6 na 6, anajumlisha 12. Haijumlishwi hivyo. Kila kadi hubeba nakala yake ya mandhari yote ya gemu, kwa hiyo anayelipia 12 anatumia 6.

Kilichoiua ndoa ya kadi mbili ni ubora wa picha wenyewe. Watengeneza gemu walianza kulainisha kingo zenye meno kwa kuchukua habari za fremu iliyopita na kuzichanganya na ya sasa. Njia hiyo ni rahisi kwa mashine na picha yake hutulia. Sasa fikiria kadi zinazopokezana: fremu ya pili haiwezi kukamilika mpaka ya kwanza iletwe kutoka kwa kadi jirani. Kadi moja inangoja, nyingine inatuma, na faida yote inapotelea njiani. DirectX 12, programu inayounganisha gemu na kadi, nayo ilihamishia kazi ya kugawa mzigo kwa waandishi wa gemu wenyewe, na wengi wao hawakuona sababu ya kuwahangaikia wateja wachache kiasi hicho. Jamaa alizoea kuzima kadi moja kabla ya kucheza gemu jipya.

Nvidia ilitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2021 haitaongeza tena mipangilio ya SLI kwenye draiva zake. Katika kadi za GeForce za kizazi kile, RTX 3090 na 3090 Ti peke yake ndizo zilizobaki na tundu la kiunganishi. RTX 4090 ya Oktoba 2022 haikuwa nalo kabisa. Hiyo ndiyo aliyonayo sasa, moja, na inakula hadi wati 450, karibu sawa na jozi aliyoiuza.

Mtoto wa kaka yake, anayesoma chuo na kulala kwake siku za likizo, ndiye aliyemwonyesha kwamba hata hizo pikseli milioni 8 hazichorwi zote siku hizi. Kwa DLSS, teknolojia ya Nvidia, gemu linaweza kuchorwa kwa 1920 kwa 1080, robo ya kazi, na mtandao wa neva uliofunzwa kwa picha nyingi hujaza zilizobaki.

"Kwa hiyo hii si 4K," jamaa alisema.

"Ami, unaiona tofauti?"

Alisogeza kiti mpaka karibu na kioo, akatazama nyaya za umeme kwenye mandhari ya mbali, mahali ambapo picha duni hujifichua kwanza. Akakiri haioni. Bado anaushikilia msimamo wake kwamba ni udanganyifu, na bado hauzimi.

Kijana mwenyewe ananunua kadi mbili. Anatafuta RTX 3090 za mtumba, si kwa gemu, bali kuendesha modeli za lugha chumbani kwake, kazi ambayo gigabaiti 24 za kila moja zinatumika zote kwa sababu modeli inakatwa nusu kwa nusu kati ya kadi. Mashine yenyewe haitakuwa na kioo. Ataifikia kupitia kompyuta yake ya mkononi. Ami yake hakuuliza mengi kuhusu modeli. Aliuliza ubao mama una nafasi ngapi, akamwagiza achague wenye matundu yaliyoachana, kadi ya juu isije ikavuta moto wa chini, na pawa saplai isiwe ya kubahatisha.