Haapamäki, mji ambao treni iliuacha



Wengi wetu tumekomalia karibu na reli. Kalemie, Kongolo, Kindu, Kamina: hii ni miji iliyopanuka kwa sababu treni ilipita pale, na hata leo ukiuliza njia, watu wanakuelekeza kuanzia gare. Ndiyo maana, tulipopata nafasi ya kuwatembelea dada zetu Wakongomani wanaoishi Tampere, katika inchi ya Ufini, hatukuomba kupelekwa kwenye maduka makubwa. Tuliomba tuone mji mdogo wa reli. Wakatupeleka Haapamäki.

Ufini iko kaskazini kabisa mwa Ulaya, kati ya Uswidi na Urusi. Treni yao ya kwanza ilianza kutembea mwaka 1862, kutoka Helsinki mpaka Hämeenlinna, wakati inchi ilikuwa bado chini ya mfalme wa Urusi. Kwa hiyo reli zao zilijengwa kwa kipimo cha Warusi: milimita 1,524 kutoka chuma kimoja mpaka kingine. Zetu za Katanga na Tanganyika zina milimita 1,067. Tuliposimama kando ya reli yao, tuliona tofauti kwa macho tu.

Tuliondoka Tampere asubuhi. Treni yenyewe ilikuwa gari moja tu, lenye kutumia mazuti, kwa sababu waya za umeme hazifiki upande ule. Nje tuliona msitu, halafu ziwa, halafu msitu tena, na nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu. Kwenye vituo hakuna mama wa kukuletea ndizi wala karanga dirishani. Watu wanakaa kimya. Sisi tuliozoea kelele za gare, tuliona kama tuko kanisani.

Njiani dada zetu walituonyesha kwamba wamama hawakusahauliwa katika safari. Katika mji wa Helsinki, mzazi anayesukuma kigari cha mtoto mdogo hapandi kwa pesa, iwe ni basi au tramu. Na katika treni kubwa za safari ndefu kuna pahali pa watoto kuchezea. Tulifikiri juu ya safari zetu sisi, mtoto mgongoni na mizigo kichwani.

Sasa tuseme habari ya Haapamäki yenyewe. Zamani palikuwa msitu. Miaka ya 1880 ikapita pale reli ya kutoka Tampere kwenda Vaasa, mji wa pwani. Mwaka 1897 ikaunganishwa na ile ya Jyväskylä, upande wa mashariki. Katika miaka ya 1930 ikaongezwa ya Pori, upande wa magharibi. Hivi treni za pande nne zikakutana pahali pamoja. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1918, jeshi la serikali lilishikilia sana kituo hicho, kwa sababu njia ya kuvuka kutoka magharibi kwenda mashariki ilipita pale. Wafanyakazi wa reli wakajenga nyumba, watoto wakazaliwa, mji ukawa mji.

Halafu ukafika mwaka 1971. Reli mpya ilifunguliwa, iliyonyooka kutoka Tampere kupitia Parkano mpaka Seinäjoki. Safari ikawa fupi, abiria wakafurahi, na treni kubwa zikahamia kule. Baadaye njia ya Pori nayo ikafungwa. Hapakuwa vita, wala daraja halikuvunjika. Ni mstari tu uliochorwa kwenye karatasi, nao ukapita pengine.

Leo Haapamäki ni sehemu ya wilaya ya Keuruu. Vile vigari vidogo vingali vinafika, lakini gare ni kubwa kuliko watu waliobaki. Reli ni nyingi, na tulisikia ndege wakiimba katikati yake. Injini za zamani za mvuke zimewekwa katika bustani moja: nyeusi, kubwa, magurudumu yake yanatufikia kifuani. Wakati wake zilichoma kuni, hasa za mti mweupe unaoitwa koivu.

Pale tulikutana na mama mmoja mzee, na dada zetu wakatutafsiria. Baba yake alikuwa mtu wa reli. Kaka yake alingoja kuingia kazi ya baba, lakini kazi ilipopungua akaenda Uswidi kutafuta kiwanda, kama Wafini wengi wa wakati ule. Yeye mwenyewe alisoma uuguzi. Alitueleza kwamba mama yake hakuacha kumkumbusha jambo moja: reli ni ya baba, lakini masomo yatakuwa yako. Treni zilipoondoka, yeye alibaki na kazi yake, akawatunza wagonjwa mpaka alipopata pensheni.

Sisi kama walimu, maneno hayo yalituingia sana. Katika inchi ile, tangu mwaka 1948, kila mwanafunzi anapewa chakula cha moto shuleni bila malipo. Mtoto wa shule ya msingi anayekaa mbali kuliko kilometa 5 anasafirishwa bure mpaka darasani. Treni inaweza kuacha mji, lakini sheria hairuhusu mtoto aachwe.

Hatusemi kwamba kule ni mbinguni. Tuliona nyumba zilizofungwa, na vijana wanaenda kutafuta maisha katika miji mikubwa. Uchungu wa mama ambaye watoto wake wamehama ni ule ule, kwao na kwetu. Lakini mji ule unatufundisha kitu. Kazi ya baba, iwe ya reli, ya mgodi au ya bandari, inaweza kuondoka bila kumwaga kesheni hata moja. Alichojifunza mtoto kinaondoka pamoja naye, popote anapokwenda. Tusiweke maisha ya watoto wetu wote juu ya reli moja, na hasa tusimwambie binti angoje kwanza kaka amalize.

Wamama, katika kikutano chenu cha juma hili mnaweza kuulizana haya:

Nyumbani kwetu, tunakula kwa kazi ngapi? Ile moja ikisimama, tutashika nini?

Binti zetu wanajifunza kazi gani ambayo hakuna mtu anaweza kuihamisha?

Je, likelemba yetu inaweza kutenga sehemu kidogo kila mwezi kwa masomo ya mtoto mmoja ambaye baba yake hana kazi tena?

Mkipata majibu, mtuletee. Tutayasoma pamoja na wengine. Mubaki na amani.